Kichwa cha Ngolo

Kifurushi kilifika jana mchana, kimefungwa kwa kamba ya mpira nyuma ya pikipiki, na kabla motard, mwenye pikipiki, hajazima injini nilikuwa nimeshajua kilichomo. Harufu ya ndakala haibishi hodi. Ni wale samaki wadogo wa Ziwa Albert, wadogo kuliko kidole, wanaoanikwa mchangani mpaka wakauke kabisa. Ukiwaleta nyumbani, hata nguo zilizo kabatini zinapata habari.

Mdogo wangu Furaha alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, maana mimba yake imefika pale ambapo hakuna kiti kinachomfaa. Yeye na mumewe wanaishi Komanda, lakini amekuja kwangu hapa Bunia ajifungulie karibu na hospitali. Mama Kavira, jirani yangu ambaye anauza ndakala hao hao sokoni, alikuja kuchungulia kifurushi kama kawaida yake.

"Nani huyu anamutumia mwanamuke wa mimba ndakala?" akauliza.

"Ni papa mukubwa yetu, wa Iga Barrière," nikamjibu.

"Ule muzee wa etan? Mwenye samaki kubwa kubwa? Eh! Hata kichwa moja hakutuma?"

Mimi na Furaha tulitazamana, tukacheka mpaka yeye akashika tumbo kwa mikono miwili. Mama Kavira alidhani tunaicheka biashara yake, akanuna, akaenda zake. Nitamwomba radhi kesho. Jana sikuweza kumweleza, maana ningeanzia wapi? Ingebidi nianzie kwenye samaki mmoja mwenye sharubu, na kwa Papa yetu, ambaye hayupo tena.

Nilipokuwa mdogo tuliishi pembeni mwa mji, upande ambao udongo unageuka tope jekundu mvua ikinyesha na vumbi jekundu mvua ikikatika. Papa alikuwa fundi wa kushona suruali na sare za shule, cherehani yake iko kwenye baraza, na sisi watoto tulilala tukisikia mguu wake unaikanyaga. Watu wetu wanatoka upande wa Djugu. Papa alishuka mjini na Mama wakati wa fujo za vita, lakini kaka yake mkubwa, Papa mukubwa Ngabu, alikataa kuacha ardhi ya wazee. Alikimbia pale ilipobidi, akarudi kila palipotulia. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu tangu ujana wake, kwanza huko Bambu, kisha karibu na kwake, si mbali na Iga Barrière.

Shimo lake moja lilipokataa kutoa dhahabu, lilijaa maji. Mtu mwingine angeliacha liwe nyumba ya vyura. Yeye akalipanua, akalichongea mfereji kutoka kwenye kijito, akatia samaki. Tilapia kwanza, halafu ngolo, yule kambare mweusi asiye na magamba, mwenye kichwa kipana na sharubu. Kwetu bwawa la namna hiyo tunaliita etan, na etan ya Papa mukubwa ilikuwa fahari ya ukoo mzima. Watu wengi walirudi kutoka kwenye machimbo wakiwa na kikohozi na hadithi tu. Yeye alikuwa na samaki.

Sasa kuna desturi moja ya kwetu ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna kisa. Katika ukoo wetu mwanamke akishika mimba, anatengewa samaki. Si samaki yeyote. Ni yule mkubwa kuliko wote, mzee wa maji, aliyeachwa siku zote bila kuvuliwa ili siku ya haja ifike. Anapikwa kwa mafuta ya mawese na pilipili kidogo, na kichwa ni cha mwenye mimba peke yake. Mume haruhusiwi kukigusa. Watoto hawaruhusiwi hata kukitazama sana, wasije wakamfanya mama aone huruma akawagawia. Walisema kichwa cha samaki mkubwa kinajenga kichwa cha mtoto. Mimi niliyekuwa mlafi, naomba niseme wazi, niliona desturi hii ni dhuluma.

Lakini nilijua kwa nini mwaka ule Mama alipobeba mimba ilishikwa kwa nguvu kuliko kawaida. Kabla ya mimba ile Mama alikuwa amebeba nyingine, na siku ya kujifungua alirudi nyumbani na kanga mikononi, bila mtoto. Hakuna aliyetueleza lolote. Mama alikaa muda mrefu bila kuimba, yeye ambaye alikuwa anaimba hata akichambua maharage. Basi tumbo lilipoanza kuonekana tena, nyumba nzima ilitembea kwa vidole. Papa alichota maji mwenyewe. Na Papa mukubwa alitangaza kwamba kila Jumapili ataleta ngolo mpaka mtoto azaliwe. "Huyu atakaa," alisema. "Mimi nitamulisha mpaka akae."

Likizo ya shule nilipelekwa kwake. Nilipenda sana kwenda kule. Asubuhi ukungu ulikuwa unalala juu ya maji, na ngolo walikuwa wanapanda kuvuta hewa, unaona mdomo mpana, halafu duara, halafu basi. Papa mukubwa alinionyesha mkubwa wao, ambaye mgongo wake ulikuwa na doa jeupe. Alikuwa anamwita Shefu, yaani chifu.

"Huyu njo wa mama yako," akaniambia, yaani ndiye aliyetengewa Mama. "Lakini si sasa. Tutamungojea mpaka mwezi wa mwisho."

Etan ilikuwa ya samaki, lakini mkono wa mchimbaji hauachi kazi. Jirani na bwawa alikuwa bado anaosha mchanga aliouleta kutoka machimboni. Jioni moja aliniita nimwone. Katika karai kulikuwa na tope jeusi. Akachukua kichupa kidogo, akamimina tone moja. Sijawahi kusahau tone lile. Lilikuwa zito, linang'aa, na lilipoanguka kwenye karai halikulowesha kitu. Lilikimbia. Likagawanyika matone madogo, yakafukuzana, yakakutana, yakawa moja tena. Niliona sura yangu ndani yake, ndogo, na pua kubwa.

"Iko hai?" nikauliza.

Akacheka. "Hapana. Ni merkire. Hii njo inakamata zahabu. Inaikula yote, hata ile huone na macho."

"Na ikishiba?"

"Ikishiba tunaikamua."

Merkire ile, yaani zebaki, aliikanda na tope kwa kidole, akamwaga maji, akakanda tena, halafu akaikamua kwenye kitambaa mpaka kikabaki kidonge cheupe cheupe. Kile kidonge alikiweka kwenye kifuniko cha kopo, akakiweka juu ya mbabula ile ile ya makaa tuliyopikia bugali, na moshi ukapanda mwepesi. Kilichobaki kilikuwa cha njano, kidogo kuliko punje ya mtama. Sikuona cha kusifu. Macho yangu yalikuwa kwenye karai, kwa sababu matone machache yalikuwa yamebaki yanachezacheza chini. Papa mukubwa alilichukua karai, akaenda ukingoni mwa etan, akalisuuza kwa maji mengi. Yale matone yakaingia bwawani yakimetameta, na wakati huo huo, sijui kwa bahati gani, Shefu akapanda, akafungua mdomo.

Pale nilielewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Papa mukubwa alikuwa anawalisha. Ndiyo maana samaki wake walikuwa wakubwa kuliko wa watu wengine, na ndiyo maana matumbo ya tilapia yalikuwa yanang'aa vile. Walikuwa wanapewa chakula cha dhahabu. Nikarudi Bunia na siri ile kifuani, na nikimwona Mama na tumbo lake nilifikiri: mtoto huyu atakuwa na macho ya kung'aa. Nilimwonea wivu kabla hajazaliwa.

Muda si mrefu baada ya hapo Mama alikwenda kliniki ya mimba kwenye kituo cha afya, na siku hiyo Papa alimsindikiza, maana miguu ya Mama ilikuwa imevimba. Waliporudi, Papa aliketi kwenye cherehani lakini mguu wake haukukanyaga. Jumapili ikaja, na Papa mukubwa akaleta ngolo wake kama kawaida, mnono, amefungwa kwenye majani ya ndizi. Papa alimpokea samaki kwa mikono miwili, akamshukuru kaka yake. Kaka yake alipoondoka, Papa aliingia jikoni akaongea na Mama chini chini.

Usiku, wakati wa chakula, nilishuhudia jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama alipewa sahani ya ndakala. Ndakala! Samaki ambao kwetu mtu aliwala mwezi ukiwa mbaya, ambao tuliwachekea watoto wengine shuleni kwa kunuka. Na Papa, Papa yangu mpole, alivuta bakuli la mawese mbele yake, akamla yule ngolo. Akala taratibu, bila furaha, kama mtu anayemaliza kazi ya mteja. Akala na kichwa. Mama alikuwa anatazama chini, anatafuna ndakala zake na bugali.

Mlafi akimwona mlafi mwenzake anamjua, lakini sikuwahi kudhani Papa ni wa chama changu. Nilingoja Jumapili iliyofuata nikitumaini kwamba niliota. Ikawa vile vile. Na iliyofuata. Nililala nikifikiria. Shuleni kulikuwa na msichana ambaye baba yake alioa mke wa pili, na alituambia kwamba mambo yalianzia kwenye sahani: mama yake alianza kupewa kilichobaki. Basi nikajua. Papa hampendi tena Mama, kwa sababu ya mtoto yule aliyepotea. Nilianza kumchunguza. Nilinusa shati lake. Nilihesabu wanawake walioleta nguo kushonwa, na mmoja aliyecheka sana nilimletea kiti kibovu.

Na Mama alikuwa anazidi kukonda usoni na kunenepa tumboni. Niliogopa. Siwezi kuieleza hofu ile kwa maneno ya watu wazima. Niliogopa kwamba mtoto huyu naye hatakaa, na kwamba Papa ndiye anayekula maisha yake, kijiko kwa kijiko.

Kisha ikafika ile Jumapili ya mwezi wa mwisho. Papa mukubwa alikuja amevaa koti lake la kanisani, na kwenye mikono alikuwa amebeba Shefu mwenyewe, lile doa jeupe mgongoni. Alikuwa anacheka tangu mlangoni. Ilinipasa nimletee maji ya kunawa, na nilipokuwa ninammiminia, aliinama, akaniita kwa jina na kuniuliza kwa mapenzi kabisa:

"Mave, mama yako anakula muzuri samaki yangu?"

Nilimtazama Papa. Alikuwa amenikazia macho. Nikasema hata hivyo.

"Papa njo anakula."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye mikono ya Papa mukubwa, kisha kwenye viatu vyake. Hakuvisogeza.

"Mudogo," akamwita Papa. "Huyu mutoto anasema nini?"

"Anasema kweli, Yaya." Hivyo ndivyo alivyomwita kaka yake siku zote, kwa heshima.

"Na kichwa?"

"Na kichwa."

Papa mukubwa alisimama. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hata siku ile hakupaza sauti, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Unakula samaki ya mimba? Weye, mutoto ya mama yangu? Muke yako alizika mutoto, na unamunyanganya chakula mu kinywa?"

"Yaya, kaa kwanza."

"Sikae!"

Basi Papa akasema akiwa amesimama naye. Alisema kwamba muuguzi wa kituo cha afya alimwuliza Mama anakula nini, na Mama akamjibu kwa fahari. Muuguzi akauliza samaki anatoka wapi. Aliposikia ni kwenye shimo la dhahabu akaweka kalamu chini. Papa aliyarudia maneno yake polepole, kama alivyoyapokea. "Alisema merkire haipotee mu maji. Inashuka mu matope. Badudu wanaikula, samaki mudogo anakula badudu, ule mukubwa anakula wadogo, na yote inabakia mu mwili yake. Hata ukaange, hata ukaushe, haitoke. Ule mwenye kuishi miaka mingi njo iko nayo mingi. Na alisema mutoto mu tumbo, kichwa yake ingali laini, inamuumiza yeye kwanza, mbele ya kuumiza mama. Akasema: mupe ndakala. Zile hazijaishi muda mingi."

"Samaki yangu iko na sumu," akasema Papa mukubwa. Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu cha mtu mwingine. "Miye niko nalisha muke yako sumu."

"Sikusema ni weye, Yaya. Hatukujua."

"Na kama iko na sumu, weye unaikula juu ya sababu gani?"

Papa alitazama cherehani. "Juu umetuletea," akasema. "Nitupe wapi samaki ya Yaya yangu? Niuzie watu? Nipe batoto? Nilisema acha niimalize miye mwenyewe, mpaka mutoto azaliwe, halafu tutaona namna ya kukuambia."

Nilisimama na jagi tupu mkononi. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba kulikuwa na kitu kibaya ndani ya ngolo, na kwamba Papa alikuwa anakiweka ndani yake ili kisiende kwingine. Nilitaka kwenda kumshika mguu, na nilikuwa mkubwa sana kwa hilo.

Papa mukubwa hakuwa tayari kuamini. Nani awe tayari? "Wauguzi wanasema mengi," akasema. "Nani ameona hiyo sumu? Weye umeiona? Muke yako ameiona? Etan yangu iko na maji ya kijito. Samaki wananona. Samaki wa sumu wananona?"

Kweli Papa hakuwa ameona kitu. Na mimi nikamwonea huruma Papa mukubwa, aliyekuwa amesimama na viatu vilivyolowa, anasingiziwa. Nilimpenda. Nikaamua kumtetea.

"Wananona juu Papa mukubwa anawalisha muzuri," nikasema. "Anawapatia ile chakula yake ya kung'aa. Miye niliona. Alimwanga ku maji, na Shefu akapanda kuikula."

Hakuna aliyenigombeza. Papa mukubwa alinigeukia, na niliona jinsi uso wake unavyobadilika, maana alikuwa anaona alichokuwa anakifanya kila jioni kwa miaka yote ile. Alitazama mikono yake. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kiganja kimoja tumboni. Hakuna aliyejua tangu lini amesimama pale.

"Shemeji," Mama akamwambia Papa mukubwa, kwa sauti nzuri kabisa, "keti ule. Niko na bugali ya moto."

Lakini hakula. Alimwokota Shefu kutoka mezani, akamfunga tena kwenye majani yake, akatoka. Kwetu mtu kuondoka nyumbani kwa ndugu yake bila kula ni kama kufunga mlango kwa msumari. Papa alimfuata hadi barabarani, akarudi peke yake.

Jioni ile Mama aliniita jikoni, akaniketisha juu ya kigoda, akanieleza polepole, kwa maneno ya ukubwa wangu. Nilimwuliza swali moja tu. "Basi Papa anakupenda?"

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. "Ungemuona usiku halale juu ya woga, na Jumapili ingine anaikula tena," akasema. "Mutoto huyu wa mafikiri mingi!" Akanipa ndakala kiganjani. Nilizila zote, na vichwa vyao vidogo, na nikaona si mbaya kiasi kile. Zilikuwa chungu kidogo, halafu tamu.

Jumapili zilizofuata zilikuwa tupu. Hakuna pikipiki, hakuna majani ya ndizi. Papa alikuwa anashona karibu na barabara ili aone anayepita, na alimwuliza kila mtu wa Iga Barrière habari za kaka yake. Walimjibu kwamba yuko, anachimba. "Anachimba nini?" Hawakujua. Habari ya kwamba anachimba ilimwumiza Papa, maana alidhani kaka yake amerudi kwenye dhahabu kwa hasira. Mama alikuwa anamwambia: mungoje. Lakini na yeye alikuwa na hofu yake, kubwa kuliko ya kuachwa na shemeji. Kila jioni alikuwa anauliza tumbo lake kwa mkono kama mtu anayegonga dirisha, na akijibiwa anafunga macho.

Furaha alizaliwa mchana kweupe, siku ya soko, na alilia. Hilo ndilo nataka kuliandika. Papa alikuwa amesimama nje ya chumba cha kujifungulia, na mimi nimeshika shati lake, na kilio kile kilipotoka, kikali, cha mtu aliyekosewa adabu, Papa aliketi chini kabisa, kwenye sakafu ya watu, akaweka kichwa kwenye magoti. Nililia na mimi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitupongeza, mmoja akasema: huyo iko na mapafu ya mwimbaji. Alikosea. Furaha hajui kuimba mpaka leo, ila kwa kelele hakupunguza.

Papa mukubwa alifika siku ambayo tulirudi nyumbani. Alikuwa na jogoo chini ya kwapa na tope kwenye suruali hadi magotini. Hakuomba kiti. Aliomba maji na sabuni, akanawa, akanawa tena, akasugua kati ya vidole kwa kitambaa. Kisha akanyoosha mikono. Mama akamwekea mtoto bila kusita. Mikono ile ilikuwa inatetemeka kidogo, na wote tuliiona, na yeye aliiona.

"Nilizania ni uzee," akasema. Kisha, bila kumtazama Papa: "Nilifungua etan. Maji yote nilitoa, nikafukia. Shefu nilimufukia mbali, kule juu, udongo wa kutosha. Sasa nimechimba ingine, ku chemchemi ya upande ingine ya mulima, kule hakuna anayeosha zahabu. Udongo iko ngumu kule, mudogo! Mugongo yangu imekufa."

"Yaya," akasema Papa, "ungeniita."

"Ningekuita na mudomo gani?"

Wakacheka wote wawili, vibaya, kama watu wanaokohoa. Chakula kikaletwa. Akala.

Nisimpambe mzee wa watu. Hakuacha dhahabu siku ile; aliiacha kidogo kidogo, kama mtu anayeacha tumbaku. Kwanza aliutoa jikoni ule moto wa kuchomea dhahabu, kisha akaacha kusuuza karai karibu na kijito, na mwisho kile kichupa akakifunga, akakipeleka mbali. Aliwaambia wenzake wa machimboni. Wengi walimcheka, wakamwita dokteri. Lakini wapo waliosikia, hasa wanaume ambao wake zao walikuwa na mimba, na leo ukipita kule utaona mashimo ya kuoshea yamechimbwa mbali na maji ya kunywa, si yote, lakini yapo. Desturi ya samaki haikufa pia. Ilibadilika. Siku hizi kwetu mwenye mimba anatengewa wadogo, na wakubwa wanaachiwa watu wazima kama mimi, kwa kiasi, na mtoto mlafi yeyote anaweza kutazama anavyotaka.

Mikono ya Papa mukubwa bado inatetemeka. Madaktari hawasemi kwa uhakika ni kwa sababu gani, naye haulizi. Anashika kikombe kwa mikono miwili na maisha yanaendelea. Papa alituacha mwaka jana, baada ya ugonjwa mfupi wa uzee, amelala kama mtu aliyemaliza sare zote za shule. Siku ya mazishi kaka yake alikaa karibu na cherehani, kiganja juu ya gurudumu lake, na hakutaka mtu aisogeze.

Basi jana, Mama Kavira alipokwisha kununa na kuondoka, nilimpigia simu Papa mukubwa kumshukuru. Anaongea kwenye simu kwa kupiga kelele, kana kwamba ni lazima sauti yake itembee yenyewe barabara yote. Nilimwuliza, kwa utani, etan yake mpya imekauka? Mbona anatuma samaki wa kununua ziwani, yeye ambaye ana wake?

"Yangu iko muzuri," akapiga kelele. "Lakini miye sijaingia mu tumbo ya samaki nikaona. Kwa mimba, ndakala. Niliteremuka miye mwenyewe mupaka ku soko kuzichagua."

"Aksanti sana, Papa mukubwa."

"Hapana kunishukuru miye," akasema, na hapo sauti ikashuka, mpaka nikalazimika kubana simu sikioni. "Furaha asizanie zinatoka kwangu. Umuambie ni papa yake njo amemutumia."

Nilizikaanga kwa kitunguu na nyanya, nikasonga bugali. Nikamwekea Furaha sahani juu ya mkeka, karibu na mkono, maana kuinama hawezi tena.

"Kula," nikamwambia. "Zimetoka kwa Papa."